Vipande vya `single` ambavyo mkfs.btrfs iliviacha nyuma

Natunza seva, na kasoro ninazoziogopa kuliko zote ni za programu zinazounda mifumo ya faili. Programu nyingine ikiharibika utajua siku hiyo hiyo unapoitumia. Hii ya kuunda mfumo wa faili humaliza kazi bila kulalamika, ukaweka data zako humo, na kasoro ikajitokeza siku diski moja inapokufa.

Mfano ninaoutumia sana kufundishia ni mkfs.btrfs, programu inayounda Btrfs, mfumo wa faili wa Linux unaogawa nafasi ya diski katika vipande. Unaipa diski mbili na amri `mkfs.btrfs -d raid1 -m raid1`, ukitarajia kila kitu kiwe na nakala kwenye diski zote mbili. Kwa matoleo ya zamani, ukiumaunti mfumo (yaani kuuunganisha ili utumike) na kuukagua kwa `btrfs filesystem df`, ulikuta raid1 uliyoiomba, na chini yake mistari ya ziada: vipande vya megabaiti chache vilivyoandikwa `single`, yaani nakala moja tu. Vilikuwa vitupu, kwa hiyo wengi walivipuuza.

Vilitokana na jinsi programu ilivyofanya kazi. Ilianza kwa kuunda mfumo mdogo wa muda kwenye diski ya kwanza, ikaongeza ya pili, ikatenga vipande vya raid1, kisha ikahamishia humo metadata, yaani kumbukumbu za mfumo kuhusu faili. Vile vya muda vikabaki, kama miti ya jukwaa ambayo fundi hakuing'oa baada ya kumaliza ukuta.

Tatizo ni kwamba Btrfs haiandiki popote kuwa mwenye mfumo alitaka raid1. Kerneli, yaani kiini cha Linux, hutazama vipande vilivyopo na kuamua kutokana navyo. Tangu Linux 3.18, ya Desemba 2014, kerneli ilianza kufuta yenyewe vipande vitupu. Mfumo mpya ambao bado haujawekewa faili ungeweza kupoteza kipande chake cha raid1 cha data, na kuanzia hapo faili zikaandikwa kwa nakala moja, pasipo onyo lolote! Kulirekebisha hilo kulihitaji kazi pande mbili: kerneli ilizuiwa kufuta kipande cha mwisho cha aina yake, na mkfs ikafundishwa kutoacha mabaki, jambo lililoingia mwaka 2015 katika toleo la 4.2 la btrfs-progs, kifurushi chenye mkfs.btrfs.

Msimbo wa aina hii haufai kuguswa kwa haraka. Mwaka huo huo, Julai, toleo la 4.1.1 lilifuatwa siku chache baadaye na 4.1.2 la dharura, kwa sababu mkfs ya 4.1.1 ilikuwa ikiunda mifumo batili. Waliokwisha kuitumia walilazimika kuunda upya.

Kwa hiyo mimi sikubali kiraka cha mkfs kwa kuona tu kwamba amri imerudisha sifuri, alama ya kufaulu. Natengeneza faili mbili kubwa tupu kwa `truncate`, nazigeuza diski bandia kwa `losetup`, kisha naunda mfumo. Naumaunti na kuuondoa kabla ya kuandika chochote, nauangalia tena. Naendesha balance, amri inayopanga upya vipande, mfumo ukiwa mtupu, nauangalia tena. Halafu naandika data, naondoa diski moja, naumaunti kwa `-o degraded` (ruhusa ya kuutumia ukiwa na diski pungufu), naandika, nauondoa, na naumaunti mara ya pili. Hatua hiyo ya mwisho ni muhimu mno: kabla ya Linux 4.14, mfumo wa diski mbili uliobakiwa na moja mara nyingi ulikubali kuandikwa mara moja tu, kisha ukakwama katika hali ya kusomwa tu.

Kumbuka pia kwamba mkfs mpya haigusi mifumo iliyoundwa zamani. Kama seva yako imeishi tangu enzi hizo, anza na `btrfs filesystem df`. Ukikuta `single` tupu na data zako ziko kwenye raid1, `btrfs balance start -dusage=0 -musage=0` itaiondoa. Ikiwa `single` ina data ndani, tumia `-dconvert=raid1,soft -mconvert=raid1,soft`. Neno `soft` huiambia iviruke vipande ambavyo tayari ni raid1, na kwenye diski kubwa hilo linaokoa saa nyingi.