Uswisi na ile hadithi ya "haimo kokote"

Bado utasikia watu wakisema Uswisi haimo Umoja wa Mataifa kwa sababu haifungamani na upande wowote. Ilikuwa kweli zamani. Mwaka 1986 wananchi walipiga kura na robo tatu wakakataa. Lakini Machi 2002 waliulizwa tena, wakakubali kwa asilimia 54.6 (kwa upande wa majimbo ilikuwa 12 kwa 11, pumzi juu!), na Septemba bendera yao ya mraba ikapandishwa New York. Ofisi za Umoja huo zilikuwa Geneva miaka yote hiyo. Mwenye nyumba alikuwa nje ya chama.

Wengine huongeza kwamba Uswisi haichanganyi michezo na siasa. Basi watazame mwaka 1956. Wasovieti walipoivamia Hungaria, Uswisi, pamoja na Uholanzi na Hispania, haikwenda Olimpiki ya Melbourne. Ila watakaotafuta medali za Uswisi katika Olimpiki hiyo wataikuta moja ya shaba: mashindano ya farasi yalikuwa yamefanyika Stockholm mwezi Juni, kabla ya uvamizi, kwa kuwa Australia ilikuwa na sheria kali za karantini ya wanyama.