Mifupa kutouma si uthibitisho kwamba ni mizima

Wengi husema, "Mifupa yangu hainiumi, kwa hiyo iko salama." Si kweli. Osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kupungua uzito na kuwa myepesi kuvunjika, kwa kawaida haiumi mpaka mfupa uvunjike. Maumivu ya magoti yanayowatia watu hofu mara nyingi hutokana na maradhi mengine kabisa.

Mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote. Kufikia miaka 30 hivi huwa umefikia kilele cha uimara wake. Baadaye ubomoaji huanza kuushinda ujenzi. Kwa mwanamke kasi huongezeka hedhi inapokoma, kwa sababu homoni ya estrojeni inayoulinda mfupa hupungua. Lakini wanaume nao huugua, na naona hao ndio wanaosahaulika zaidi. Anayemeza prednisoloni (dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe mwilini) kwa miezi 3 au zaidi, mvutaji sigara, mnywaji wa kupindukia, mtu mwembamba mno, au ambaye mzazi wake alivunjika nyonga, yuko hatarini, awe mwanamke au mwanamume.

Pima urefu wako. Ukipungua sentimita 4 hivi kuliko ulivyokuwa ujanani, huenda pingili za mgongo zimebonyea bila wewe kujua. Kipimo chenyewe cha mifupa ni DXA, eksirei ya mionzi midogo. Hutoa alama (T-score) inayolinganisha mifupa yako na ya kijana mwenye afya; -2.5 au chini yake ndiyo osteoporosisi.

Kalsiamu na vitamini D zinahitajika, ila vidonge peke yake havitoshi. Mfupa huimarika unapobebeshwa uzito: kutembea kwa kasi, kupanda ngazi, kunyanyua vitu. Na anayetumia prednisoloni asiiache ghafla kwa hofu. Azungumze na daktari wake kwanza.