Kwa nini daktari anayeujua mwongozo wa kifua kikuu asiufuate?

Tiba ya TB ikienda kombo, wengi husema daktari hajui. Imani hiyo ina msingi. Mwaka 1991 iliripotiwa kwamba madaktari binafsi wapatao 100 wa Mumbai, India, waliandika michanganyiko 80 tofauti ya dawa. Mwaka 2010, utafiti mwingine wa jiji hilohilo ulikuta 6 tu kati ya 106 wakiandika tiba sahihi. Wakati ule tiba ya kawaida ilikuwa dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne.

Lakini kutojua ni nusu tu ya habari, tena naona ni nusu ndogo. Utafiti wa Delhi uliochapishwa mwaka 2015 uliwafunza watu wazima wenye afya kuigiza wagonjwa wa TB. Madaktari walikubali mapema, ila hawakujua nani ni mwigizaji. Kati ya ziara 250, huduma sahihi ilitolewa mara 52. Cha kushangaza ni hiki: madaktari walewale walipoulizwa wangefanya nini kwa mgonjwa wa aina hiyo, waliotaja picha ya kifua au kipimo cha makohozi walikuwa wengi zaidi kwa mbali. Walijua, ila walipokutana na mgonjwa hawakuagiza kipimo.

Kikohozi kingi si TB, kwa hiyo kuanza na antibiotiki badala ya kipimo huonekana jambo la busara. Tatizo ni kwamba baadhi yake, kama levofloksasini, huua sehemu ya bakteria wa TB. Ni sawa na kufyeka ndago kwa panga: shamba linaonekana safi, vinundu vimebaki udongoni. Homa inashuka, mgonjwa anashukuru, daktari anaamini alipatia. Baada ya muda kikohozi kinarudi, pengine na bakteria waliozoea dawa ambayo ni tegemeo dhidi ya TB sugu.

Tahadhari: mwigizaji huja mara moja tu. Huenda daktari alipanga kupima safari ya pili.

Hata hivyo, maduka ya dawa ya Delhi, Mumbai na Patna yanatoa fununu kwamba kikwazo ni kutokuwa na uhakika wa ugonjwa, si kutojua tu. Katika utafiti wa mwaka 2016, waigizaji walioeleza dalili tu walihudumiwa ipasavyo katika asilimia 13 ya ziara. Walioenda kwenye maduka hayohayo na majibu ya maabara yanayoonyesha TB, asilimia 62.