Paka wako tumbo linanguruma? Soma hii kabla hujampa dawa

Meseji inayoingia sana kwenye simu yangu ni hii: "Dokta, paka wangu tumbo linanguruma mpaka nalisikia nikiwa kwenye kochi, nimpe nini?" Na jibu langu la kwanza karibu kila siku ni lile lile, usimpe kitu, niambie kwanza amekula saa ngapi na choo chake kikoje.

Mimi ni daktari wa mifugo hapa Mwanza, na sauti ya tumbo peke yake sio ugonjwa. Utumbo ni msuli, unajibana na kuachia muda wote kusukuma chakula, maji na gesi kwenda mbele, na gesi ikipita kwenye majimaji inatoa ule mngurumo. Paka akiwa na njaa utausikia zaidi kwa sababu ndani hakuna chakula cha kuzima sauti, akishakula utausikia tena kwa sababu kazi imeanza. Kama anakula, anacheza, choo ni kigumu kiasi na hatapiki, basi hata tumbo likiimba usiku kucha muache.

Kinachonitisha mimi ni tumbo lililonyamaza kwa paka asiyekula. Nikiweka stetoskopu kwenye ubavu nikasubiri, nisisikie kitu, na paka mwenyewe amejikunja hataki kuguswa, hapo nawaza utumbo umesimama au umeziba. Sasa kuziba kwa utumbo huku kwetu kandokando ya ziwa kuna sababu moja ambayo lazima niiseme kwa kirefu.

Mshipi na ndoana. Ukikaa Igombe, Kayenze au karibu na mwalo wa Kirumba unajua nyuzi zinavyozagaa, mtu anatengeneza nyavu anakata anaacha pale, au mshipi unabaki na kipande cha chambo chenye harufu ya samaki, paka anaramba, na ulimi wa paka una vimiba vinavyoelekea nyuma kwa hiyo uzi ukishaingia kuutema ni shida, anaumeza tu. Mara nyingi unanasa chini ya ulimi. Upande mmoja umenasa mdomoni, upande wa pili umeshaingia utumboni, utumbo unavuta uzi hauendi, kwa hiyo utumbo wenyewe unajikunyata kama kiuno cha bukta ukivuta kamba, na ule uzi ukikaza unaanza kukata ukuta wa utumbo kwa ndani. Ndio maana paka akiletwa anatapika na hataki kula, kitu cha kwanza nafungua mdomo, nasukuma kwa kidole gumba kutokea chini ya taya mpaka ulimi unanyanyuka, naangalia pale kwenye shina. Wakati mwingine unaona kimstari chembamba cha kijani au cheupe na nyama imevimba kuzunguka. Ukikiona nyumbani USIVUTE, na ukiona uzi unaning'inia kwenye njia ya haja kubwa pia usivute, unaweza kupasua utumbo. Mlete alivyo, kazi hiyo mara nyingi inaishia kwenye opereshen.

Tukija kwenye chakula, hapa nawaomba tusikilizane vizuri maana tunawapenda paka wetu lakini tunawalisha ugali. Paka ni mla nyama wa kweli kweli, anahitaji protini nyingi na kitu kinaitwa taurini ambacho mwili wake hautengenezi cha kutosha, kipo kwenye nyama na samaki, kikikosekana muda mrefu macho na moyo vinaharibika. Ugali mwingi uliolowekwa na mchuzi wa dagaa unamjaza tu, sehemu ambayo haikumeng'enywa inachacha huko chini, gesi inajaa, ndio hiyo ngurungurungu unayoniandikia. Dagaa ni wazuri ila wale walioanikwa chini wana mchanga, na wengine wana chumvi, waoshe mara kadhaa, uwachemshe bila chumvi wala kitunguu. Samaki mbichi kila siku sio sawa, baadhi yao wana kitu kinachoharibu vitamini B1. Mapanki (yale mabaki ya sangara baada ya minofu kutolewa) yachemshe uchambue nyama, mfupa mkubwa wa sangara usimpe. Na ukibadilisha chakula badilisha polepole kwa wiki nzima.

Maziwa! Paka mkubwa wengi hawawezi tena ile sukari ya maziwa, anakunywa kwa furaha halafu anaharisha. Maji masafi yanatosha kabisa.

Watoto wa paka ni habari nyingine. Mtoto mwenye tumbo la mviringo, mbavu zinaonekana, manyoya yamesimama, huyo sio kashiba, mara nyingi ni minyoo, na minyoo mviringo anaipata mapema sana kupitia maziwa ya mama yake. Ndio maana tunaanza dawa ya minyoo akiwa na wiki 3, tunarudia kila wiki 2 mpaka aache kunyonya, halafu kila mwezi mpaka miezi 6, na mama yake anatibiwa pamoja nao. Dozi ni kwa uzito, naomba umpime, usikate kidonge cha mtu kwa macho. Ukiona vitu kama punje za mchele kwenye mkia hiyo ni tegu, na mara nyingi imeletwa na viroboto, sasa ukitibu tegu ukaacha viroboto mwezi ujao tutaonana tena.

Mtoto yatima aliyepoa usimlishe kabla hujampasha joto, mwili ukiwa wa baridi utumbo haufanyi kazi na maziwa yanakaa tu tumboni. Na mtoto anayetapika, anaharisha, kalegea, asisubiri kesho, kuna virusi vya panleukopenia vinaua haraka sana na watoto wasiochanjwa ndio wanaoondoka. Chanjo inaanza wiki ya 6 mpaka 8.

Paka mkubwa akigoma kula siku nzima njoo, hasa akiwa mnene, kwa sababu akikaa siku 2 au 3 bila kula mafuta yanaweza kujazana kwenye ini, hapo tunakuwa na ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Dume anayejikamua kwenye mchanga hapo chooni na hatoi kitu, watu wanasema kafunga choo, kumbe ni mkojo umeziba, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo hata iwe usiku.

Halafu Panadol. Jamani, hapana. Kidonge kimoja kinaweza kumuua paka, ini lake halina uwezo wa kuisafisha, damu inashindwa kubeba oksijeni, fizi zinageuka rangi ya kahawia. Diklofenaki ya maumivu pia hapana, na Flagyl iliyobaki ya mwanao usimpe paka kwa kukisia.

Ukija kliniki nirekodie hiyo sauti kwa simu, piga picha ya choo (usione aibu, picha ya choo inanisaidia kuliko maelezo ya dakika kumi), njoo na pakiti ya dawa yoyote uliyoshampa, na uniambie kama nyumbani kuna mtu anavua au anashona nyavu.