Protini mbadala na pesa yako: yanayosemwa Nairobi, na yalivyo

Kwenye vyama vyetu vya akiba hapa Nairobi, baada ya hoja ya ploti za Kamulu na Joska kuzungumzwa na kuachwa, siku hizi huzuka hoja nyingine: tuweke pesa kwenye kampuni za protini mbadala. Anayeileta huwa na sababu nzuri. Bei ya nyama inapanda, ukame unamaliza mifugo, na jiji linazidi kujaa watu wanaotaka kula vizuri. Naiunga mkono hoja hiyo. Ninachotaka ni tuijadili tukiwa na habari sahihi, kwa sababu wapo wanaoiingia kwa pupa na wapo wanaoikimbia, na mara nyingi wote wawili wamesikia uvumi ule ule.

Dhana: protini mbadala ni nyama ya maabara

Nyama inayokuzwa kutokana na seli ndiyo inayovuma magazetini, lakini sokoni karibu haipo. Baga ya kwanza ya namna hiyo ilipikwa na kuonjwa mbele ya waandishi wa habari London, Agosti 2013. Aliyeitengeneza ni Profesa Mark Post wa Chuo Kikuu cha Maastricht, na iligharimu takriban yuro 250,000. Singapore iliruhusu kuuzwa kwa kuku wa aina hiyo Desemba 2020, Marekani ikaruhusu Juni 2023, na Italia ikapiga marufuku mwaka huo huo. Gharama imeshuka mno tangu ile baga, ila bado hakuna anayeizalisha kwa wingi na kwa bei ya buchani.

Protini mbadala ni familia kubwa kuliko hiyo. Kuna ya mimea: soya, ndengu, njegere, kunde. Kuna ya uchachushaji, ambapo kuvu au vijidudu hulishwa sukari na kutoa protini. Quorn, chakula cha kuvu cha Uingereza, kipo madukani tangu 1985. Jibini nyingi duniani hugandishwa kwa kimeng'enya kinachozalishwa na vijidudu badala ya kile cha tumbo la ndama, jambo ambalo Marekani iliidhinisha mwaka 1990. Na kuna ya wadudu.

Kwa hiyo mtu akisema "protini mbadala", muulize kwanza ni ipi. Hatari ya kiwanda cha kukuza seli na hatari ya kiwanda cha kusindika ndengu haziwezi kuwekwa kapu moja.

Dhana: ni mambo ya ng'ambo, sisi hayatuhusu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo Nairobi ina nafasi yake, na ndipo watu wengi hawatazami.

Ingia dukani mtaani, Kayole au Kangemi, uulize Sossi. Utapewa pakiti ya vipande vya soya vilivyokaushwa. Vimekuwa jikoni kwetu miaka mingi, vikiungwa kwa kitunguu na nyanya siku ambayo robo kilo ya nyama imeshindikana. Na mama anayechemsha maharagwe au githeri kwenye sufuria kubwa kando ya barabara, akikuuzia kwa kikombe, anatatua tatizo halisi: maharagwe yanakula makaa na gesi nyingi, na mpangaji wa chumba kimoja hana saa tatu za kuyasubiri. Ukiniuliza mimi, atakayepata njia ya kuyauza yakiwa yameiva, salama na kwa bei ya mtaani, atalisha watu wengi kuliko baga yoyote ya mimea itakayouzwa Westlands.

Lakini uwanja mkubwa zaidi kwetu si sahani ya mtu. Ni chakula cha mifugo. Mfugaji yeyote wa kuku wa Kiambu au Ruai atakwambia kwamba chakula hula asilimia 60 hadi 70 ya gharama zote. Ndani ya gunia la chakula hicho, kinachouma bei ni protini, na inatoka kwa shida. Soya tunayolima ni kidogo, hivyo wasagaji huagiza kutoka Uganda, Tanzania, Zambia na Malawi, na nchi moja ikifunga mpaka bei hupanda hapa. Omena inatoka Ziwa Victoria, ambako uvuvi wake husitishwa kwa miezi kadhaa kila mwaka kuanzia Aprili ili samaki wazaliane. Omena hiyo hiyo ni mboga ya familia nyingi. Kila tani inayosagwa kuwa chakula cha kuku ni tani iliyokosekana soko la Gikomba.

Ndiyo maana kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichopo Kasarani na kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kimeshughulika sana na nzi askari weusi. Funza wake hula mabaki ya mboga, matunda na vyakula, hukua kwa takriban wiki mbili, kisha hukaushwa. Protini yake ni karibu asilimia 40, kutegemea alichokula, na kinachobaki baada yake ni mbolea. Shirika la Viwango, KEBS, limeshatoa viwango vya bidhaa za wadudu zilizokaushwa kwa ajili ya chakula cha mifugo. Wapo wanaofanya kazi hiyo kibiashara: InsectiPro huko Limuru, na Sanergy, iliyoanza na vyoo vya mtaa wa mabanda wa Mukuru kisha ikajenga kiwanda cha kugeuza taka kuwa mbolea na protini.

Na mali ghafi ipo. Pita soko la Marikiti saa nne asubuhi uone kabichi na ndizi zinazotupwa. Zaidi ya nusu ya taka za jiji hili ni vitu vinavyooza, na sehemu kubwa huishia jalala la Dandora.

Dhana: funza wanaleta magonjwa

Nzi askari mweusi si nzi wa chooni. Akishakuwa mkubwa hahangaikii chakula chetu, hatui kwenye sahani, na huishi siku chache za kutaga tu. Cha kuchunguza ni walichokula funza na kama walikaushwa kwa joto la kutosha. Hilo hupimwa maabara, na mzalishaji makini atakuonyesha cheti bila kusita. Tena, kumbikumbi huliwa magharibi mwa Kenya tangu enzi za mababu bila mtu kumtetea mdudu.

Dhana: wazo likiwa jema, faida itakuja

Hii ndiyo iliyogharimu watu pesa nyingi, na naomba isomwe polepole.

Beyond Meat, kampuni ya Marekani ya nyama ya mimea, iliingia soko la hisa Mei 2019 kwa dola 25 kwa hisa. Siku ya kwanza ilifunga kwa zaidi ya dola 65. Julai mwaka huo ilipita dola 230. Kisha wateja walioonja mara moja hawakurudi kwa wingi uliotarajiwa, bei ya bidhaa ikabaki juu kuliko nyama yenyewe, na madeni yakakua. Mwaka 2025 kampuni iliwapa wadai wake hisa mpya zaidi ya milioni 300 badala ya sehemu kubwa ya deni, na Oktoba hisa ikashuka chini ya dola 1. Aliyekuwa ameshikilia hisa zake kwa imani alijikuta na kipande kidogo sana cha kampuni ile ile.

Ÿnsect ya Ufaransa ilifuga wadudu. Ilikusanya zaidi ya dola milioni 500 na kujenga kiwanda kikubwa chenye mitambo ya kujiendesha karibu na mji wa Amiens. Mwaka 2024 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na mwaka uliofuata ikafilisiwa. Wadudu hawakuwa na kosa. Kiwanda kilikuwa ghali mno kwa bidhaa inayoshindana na mashudu ya soya.

Ukiangalia sekta nzima duniani, mwaka 2021 kampuni za protini mbadala zilipata uwekezaji wa takriban dola bilioni 5. Kufikia 2024 zilikuwa zinapata takriban bilioni 1.1.

Kwa hiyo, kabla hujasikiliza hadithi ya kuokoa dunia, omba hesabu moja: kilo ya protini inauzwa bei gani, ikilinganishwa na ile ambayo mnunuzi anaitumia sasa? Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu anauza funza wakavu kwa Sh100 kwa kilo, wenye protini asilimia 40. Gawa 100 kwa 0.4: kilo ya protini ni Sh250. Jirani anauza mashudu ya soya kwa Sh90, yenye protini asilimia 45: kilo ya protini ni Sh200. Msagaji atanunua soya, hata kama moyo wake uko kwa mazingira. Labda funza wana kitu cha ziada, kama mafuta mazuri, au mbolea inayouzwa pembeni ikapunguza gharama. Sawa, basi yaandikwe kwenye hesabu na tuyaone.

Kisha uliza kuhusu joto. Funza hawa hukua vizuri karibu nyuzi 27 hadi 30. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na usiku wa Julai Limuru hauna huruma. Aliyepanga hesabu zake kwa mavuno ya Februari na kuyazidisha mara kumi na mbili hajafuga mwaka mzima.

Dhana: basi sekta imekufa, tuachane nayo

Hapana. Kampuni zilizouza ahadi kwa bei ya juu ndizo zilizoanguka. Quorn ipo miaka arobaini baadaye, na jibini ya vijidudu haitajwi hata kidogo kwa sababu imekuwa kawaida. Wakati ambapo mtaji umepungua ndipo mwenye subira anaweza kununua kwa bei inayoeleweka na kumuuliza mwenye kampuni maswali bila kuharakishwa.

Dhana: kila protini mbadala ni rafiki wa mazingira

Inategemea. Funza wanaolishwa taka za soko wanatuondolea taka. Funza wanaolishwa pumba ambazo kuku angekula moja kwa moja wanapoteza sehemu ya chakula njiani, na faida ya mazingira huyeyuka. Nyama ya seli inakula umeme mwingi, hivyo jibu hutegemea umeme huo umetoka wapi. Kenya, yenye umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria, ina jibu bora kuliko nchi inayochoma makaa ya mawe. Soya iliyolimwa kwa kukata msitu haiwi safi kwa sababu tu haina damu. Mwekezaji anayejali aombe kuona mabaki yanatoka wapi, nani anayatenganisha na plastiki, na anayefanya kazi hiyo analipwa kiasi gani.

Dhana: hii ni vita dhidi ya mfugaji

Nimesikia hoja hii kwa watu ninaowaheshimu, na wana haki ya kuuliza. Lakini Mkenya wa kawaida hula nyama kidogo mno kwa mwaka akilinganishwa na Mmarekani. Hakuna mwenye busara atakayemwambia mama wa Turkana apunguze maziwa ya mtoto. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua zaidi ya mifugo milioni 2 kaskazini na mashariki mwa nchi, na waliobeba hasara hiyo ni wafugaji wenyewe. Mfumo wa chakula usioegemea mnyama mmoja unawapunguzia mzigo. Na mfugaji wa kuku anayepata protini ya bei nafuu, isiyosubiri lori la Zambia, ndiye mteja wa kwanza wa sekta hii.

Dhana: mkataba wa kununuliwa mazao ni dhamana

Nairobi tulishapita hapa na kware. Mwaka 2013 watu walipanga foleni kuomba leseni za kufuga ndege hao kutoka shirika la wanyamapori, KWS. Mayai yalisemekana kutibu karibu kila ugonjwa, na waliokuwa wakitengeneza pesa zaidi ni waliouza vifaranga kwa wafugaji wapya. Mwaka 2014 soko lilianguka, vizimba vikabaki kwenye roshani.

Dalili ni zile zile kwa bidhaa yoyote: kampuni inakuuzia mbegu kwa bei kubwa, inaahidi kununua mazao yote, na haikuonyeshi mnunuzi wa mwisho. Ukiletewa mpango wa mayai ya nzi wenye mapato ya uhakika kila mwezi, omba jina la msagaji anayenunua, mpigie simu mwenyewe, na uulize alinunua tani ngapi mwaka jana. Angalia kama bidhaa ina alama ya KEBS. Kama wanachanga pesa za umma mtandaoni, tangu 2022 kuna kanuni za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, na majukwaa ya namna hiyo yanatakiwa kuwa na leseni. Orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti yao. Hisa za kampuni za nje zinunuliwe kupitia dalali aliyemo kwenye orodha hiyo, kwa kiasi ambacho chama kinaweza kukipoteza bila kuvunja karo ya mtoto wa mwanachama.

Na kama chama kina kiasi kidogo tu, kuna njia iliyo karibu: kumkopesha mzalishaji mdogo mnayemfahamu, mwenye mnunuzi wa kudumu na vitabu vya mwaka mzima vinavyosomeka. Nendeni mkamtembelee Julai.