Nani aliwalisha watoto wa Tamil Nadu?

Wengi husema chakula cha mchana katika shule za Tamil Nadu, India, kilianzishwa mwaka 1982 na M. G. Ramachandran, nyota wa sinema aliyekuja kuwa Waziri Kiongozi wa jimbo. Si kweli. Yeye aliupanua sana mpango huo, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini aliyeueneza jimboni kote, tangu 1956, ni K. Kamaraj, Waziri Kiongozi wa Madras, kama jimbo hilo lilivyoitwa wakati huo, kuanzia 1954 hadi 1963. Hata kabla yake, halmashauri ya jiji la Madras (sasa Chennai) ilishajaribu kuwalisha wanafunzi miaka ya 1920.

Kamaraj mwenyewe aliacha shule akiwa mtoto, baada ya kufiwa na baba. Husimuliwa kwamba alimuuliza kijana mchunga mifugo kwa nini hayuko darasani, naye kijana akataka kujua: nikienda, nitakula nini? Jibu likawa sahani ya wali na sambar, mchuzi wa dengu. Kwangu mimi, mtu huyu anastahili kutajwa kwanza. Shule zikaongezeka hadi vijijini, na ada ikaondolewa.