Historia ya Chuo Kikuu Si Kukariri Miaka

Kila msimu wa udahili, wazazi na wahitimu wa kidato cha sita wanaokuja kuniomba ushauri huniuliza swali lile lile: kuna faida gani kutumia miaka mitatu ya chuo kikuu kukariri tarehe za vita na majina ya watawala waliokwisha kufa? Nimelijibu swali hilo kwa mdomo mara nyingi mno, na sasa nalijibu kwa maandishi, kwa sababu dhana hiyo inawapotezea dira vijana wenye uwezo mkubwa.

Kukariri ni mazoea ya kujiandaa kwa mtihani, wala si kazi ya mwanahistoria. Tuchukue Vita vya Maji Maji, uasi dhidi ya utawala wa Wajerumani wa mwaka 1905 hadi 1907. Aliyekariri atasema kwamba Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aligawa dawa ya maji iliyoaminiwa kuwakinga watu na risasi, kisha ataishia hapo. Mwanafunzi wa chuo husoma kwanza maelezo ya Götzen, gavana wa Kijerumani wa wakati huo, aliyeshikilia kwamba vita vilitokana na uchochezi wa waganga, halafu hutakiwa kueleza ni kwa nini mtawala aliyepaswa kujitetea mbele ya wakubwa wake Berlin angependa sababu iwe hiyo. Baadaye husoma masimulizi ya wazee yaliyokusanywa vijijini mwaka 1968 na wahadhiri na wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam, ambamo wanatajwa maakida (watumishi wa utawala wa Wajerumani) na viboko vyao, kodi, na mashamba ya pamba waliyolimishwa watu kwa lazima. Hapo ndipo anapoelewa kwa nini kule Nandete, katika vilima vya Umatumbi, uasi ulianza kwa kung'oa miche ya pamba. Dawa ya maji bado ina nafasi yake, kwa kuwa iliwaunganisha watu wa makabila mengi, lakini uzito wake sasa lazima upimwe kwa ushahidi.

Hata idadi ya waliokufa haikaririwi. Wajerumani walikadiria watu 75,000, ilhali mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa iliyofuata baada ya majeshi kuteketeza vyakula na mashamba. Mwanafunzi wangu hapati alama kwa kuitaja mojawapo. Hupata alama kwa kueleza ni nani aliyehesabu, kwa njia gani, na ni kina nani walioachwa nje ya hesabu. Hakimu, mkaguzi wa hesabu na mwandishi wa habari wanaishi kwa kazi ya namna hiyo hiyo, na inaniuma kusikia ikiitwa kukariri.

Wengine husema kwamba historia haina ajira. Ni kweli kwamba nafasi za ualimu serikalini haziwatoshi wahitimu wote, lakini zipo pia idara za nyaraka, makumbusho, diplomasia na vyombo vya habari. Ushauri wangu, ambao sitachoka kuurudia, ni huu: jifunze Kijerumani, pamoja na mwandiko wa zamani wa Wajerumani, au Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu. Majalada ya enzi ya Mjerumani yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na wenye kuweza kuyasoma ni wachache.

Wapo bado wanaoamini kwamba historia yetu ilianza na Wazungu. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa mwaka 1331, zaidi ya miaka 160 kabla ya Mreno Vasco da Gama kufika pwani hii, na masultani wa Kilwa walikuwa na sarafu zao wenyewe za shaba.

Dhana kwamba kila kitu kimo kwenye intaneti haihitaji maneno mengi. Majalada mengi ya wilaya hayajawahi kupigwa picha, na anayetaka kuyasoma sharti aombe kibali, aketi kwenye chumba cha kusomea na kuyafungua jalada kwa jalada.